"Rekodi ya Kwanza Duniani": Kwa Nini Simfonia za Alfredo Casella Zilisubiri Miaka Mia

Ukitafuta muziki wa okestra kwenye programu za kusikilizia muziki mtandaoni, hutakosa kukutana na maneno haya kwenye jalada: "rekodi ya kwanza duniani". Ukitazama vizuri unaona utunzi ni wa mwaka 1906 au 1910, na rekodi ni ya mwaka 2010. Katikati imepita karne. Basi maswali huanza. Muziki huo ulikuwa umepotea? Umeokotwa darini kwa mtu? Au ulikuwa mbovu tangu mwanzo, watu wakaukataa, na sasa kampuni imeishiwa cha kuuza?

Nitalieleza jambo hili kwa kumfuata mtu mmoja, Alfredo Casella. Alizaliwa Turin, kaskazini mwa Italia, mwaka 1883 na kufariki Roma mwaka 1947. Ninamchagua kwa sababu katika habari zake zimo karibu sababu zote zinazoweza kuunyamazisha muziki: fedha, vita, siasa, mitindo, na mikosi.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Okestra ni kundi kubwa la wapigaji, aghalabu kati ya 60 na 100, wenye fidla, filimbi, tarumbeta, ngoma na ala nyingine, wakiongozwa na kondakta. Simfonia ni utunzi mrefu wa okestra, kwa kawaida wenye sehemu tatu au nne, na mara nyingi hauna waimbaji. Mtunzi huandika nakala kuu, ambamo kila ala ina mstari wake, na hiyo ndiyo anayoisoma kondakta. Kutokana na nakala kuu hunakiliwa karatasi za wapigaji: mwenye filimbi anapewa nota za filimbi peke yake, mwenye fidla za fidla. Karatasi hizo zikikosekana, au zikiwa zimejaa makosa, hata okestra bora duniani haiwezi kufanya lolote.

Onyesho la kwanza ni siku utunzi ulipopigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Rekodi ya kwanza ni jambo jingine kabisa: ni mara ya kwanza sauti ya utunzi mzima kunaswa na kutolewa hadharani ili mtu yeyote aweze kuinunua au kuisikiliza. Simfonia ya Pili ya Casella ilipata onyesho lake Paris mwaka 1910. Haikuwa siri, wala haikuwa imefukiwa mahali. Watu waliketi ukumbini, wakaisikia, wakaenda makwao. Rekodi ndiyo iliyochelewa miaka mia.

Kwa hiyo dhana ya kwanza ya kuiondoa ni hiyo ya kudhani "rekodi ya kwanza" maana yake "muziki uliogunduliwa". Wakati mwingine ni kweli, lakini mara nyingi nota zilikuwapo muda wote, ama kwa mchapishaji, ama maktabani, zikiwa na namba na orodha yake. Kilichokosekana ni mtu wa kuzilipia.

Hata neno "kwanza" lenyewe halijatulia. Kanda za redio hazihesabiwi kwa kawaida, kwa sababu hazikuuzwa. Na hata kwa zilizouzwa ubishi haukosekani. Chukua Misimu Minne ya Vivaldi, mtunzi Mwitaliano wa karne ya 18, muziki ambao leo husikika hadi kwenye simu za ofisini ukisubiri kuunganishwa. Kwa miaka mingi mpiga fidla wa Marekani Louis Kaufman alitajwa kuwa ndiye wa kwanza kuurekodi, mwishoni mwa mwaka 1947. Baadaye ikaonekana kwamba kondakta Bernardino Molinari alikuwa amekwisha kuurekodi Roma mwaka 1942. Neno "kwanza" juu ya jalada, basi, lisome kama dai linalosimama hadi mwingine aje na ushahidi.

Vivaldi huyo ana uhusiano wa karibu na hadithi yetu, ila tumwache kidogo.

Casella alipelekwa Paris mwaka 1896, akiwa kijana wa miaka 13, kusoma kwenye Konsevatori, chuo kikuu cha muziki cha mji huo. Utunzi alifundishwa na Gabriel Fauré, na miongoni mwa wanafunzi wa enzi yake pale walikuwamo Maurice Ravel na Mromania George Enescu. Simfonia ya Kwanza aliiandika kati ya 1905 na 1906, akiwa na miaka ishirini na ushei. Ya Pili ikafuata miaka michache baadaye, akamtunukia Enescu. Wakati huo alikuwa amezama katika muziki wa Gustav Mahler, Mwaustria ambaye simfonia zake ndefu na nzito Ulaya Magharibi ilikuwa haijazizoea, na ni Casella aliyehangaika hadi Mahler akaja Paris kuongoza Simfonia yake ya Pili mnamo Aprili 1910. Ukiisikiliza Simfonia ya Pili ya Casella leo, yenye ufunguo uleule wa C minor (yaani mpangilio uleule wa nota, wenye sauti ya huzuni) kama ile ya Mahler, unajua mara moja alikuwa anakula meza ya nani.

Sasa jiulize simfonia kama hiyo ingekwenda wapi. Italia ya wakati huo muziki ulikuwa opera: waimbaji, mapazia, mapenzi na visu. Puccini, mtunzi maarufu wa opera, alikuwa hai na anauza. Mwitaliano kuandika simfonia ya dakika hamsini bila mwimbaji hata mmoja kulionekana ni ukaidi. Casella hakuwa peke yake. Kulikuwa na kundi la rika lake ambalo wanahistoria wa muziki wanaliita kizazi cha miaka ya themanini, yaani waliozaliwa karibu na 1880: Pizzetti, Malipiero, Respighi na wengine. Walitaka Italia iwe tena na muziki wa ala. Aliyefua dafu sokoni ni Respighi peke yake, kwa sababu aliandika vipande vyenye rangi kali kuhusu chemchemi na misonobari ya Roma, na kwa sababu Toscanini, kondakta aliyekuwa na jina kubwa kuliko watunzi wengi, alivipenda na kuvipiga. Wengine waliachwa na vitabu vya historia. Mtu anayesema "wangekuwa wazuri wangejulikana kama Respighi" anasahau kwamba si kila mtunzi alipata Toscanini wake.

Casella mwenyewe pia aliziacha simfonia zake za ujana. Alirudi Italia mwaka 1915 kufundisha Roma, na mtindo wake ukageuka. Elegia eroica, utunzi wa kuwaomboleza askari waliokufa vitani, ulipopigwa Roma mwaka 1917 ulizua zogo ukumbini, kwa jinsi ulivyokuwa mkali masikioni mwa watu wale. Miaka ya ishirini akageuka tena, akawa mwepesi, mwenye mistari safi na mzaha, akichota kwa Scarlatti na mabwana wengine wa zamani. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1941 aliizungumzia Simfonia ya Kwanza kama kazi ya kijana ambaye bado anatafuta njia. Na alikuwa amekwisha kuionyesha dharau hiyo kwa vitendo: sehemu ya polepole ya Simfonia ya Kwanza aliing'oa, akaipangia ala upya, akaipachika ndani ya Simfonia ya Pili. Ni sawa na kumwambia kila kondakta kwamba ile ya kwanza haina haja ya kupigwa.

Kisha kuna siasa, na hapa si vizuri kupita kwa kunyata.

Casella aliuunga mkono utawala wa Mussolini, dikteta wa kifashisti wa Italia. Mwaka 1937, kwenye tamasha la muziki la Florence, ilionyeshwa opera yake fupi Il deserto tentato, yaani jangwa lililojaribiwa. Inahusu marubani wanaoshuka katika ardhi ya Ethiopia kuleta eti ustaarabu, na aliitunuku kwa Mussolini mwenyewe. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo majeshi ya Italia yalikuwa yameingia Addis Ababa, baada ya kuwamwagia Waethiopia gesi ya sumu kutoka kwenye ndege. Kwa hiyo ndege zinazopambwa kwa muziki katika opera ile ni ndege zilezile. Sioni sababu ya msomaji wa Afrika Mashariki kuambiwa kwamba hilo ni jambo dogo la maisha binafsi ya msanii.

Lakini mambo hayakukaa katika mstari mmoja. Mke wake, Yvonne Müller, alikuwa Mfaransa mwenye asili ya Kiyahudi, na sheria za kibaguzi ambazo utawala huohuo ulizitunga mwaka 1938 zikabisha hodi nyumbani kwake. Simfonia ya Tatu aliiandika mwaka 1939 na 1940 kwa maombi ya okestra ya Chicago, iliyokuwa inatimiza miaka 50. Ikapigwa kule Machi 1941. Majira hayohayo askari wa King's African Rifles, vijana waliotoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walikuwa wanapigana na Waitaliano katika njia ya kwenda Addis Ababa, mji uliotekwa kutoka kwao mwezi uliofuata. Desemba mwaka huo Italia na Marekani zikawa maadui rasmi. Hebu niambie ni kondakta gani wa Marekani angeendelea kuipiga simfonia ya Mwitaliano aliyemtunukia Mussolini opera.

Vita vilipokwisha, Ulaya iliyataka mapya. Vijana walioshika usukani wa muziki wa kisasa waliona mtindo wa Casella, wa kuchota kwa mabwana wa karne ya 18, ni uzee, na tena uzee wenye doa la ufashisti. Alikufa mwaka 1947, kabla hajapata nafasi ya kujieleza, kama angetaka. Kuna watunzi waliokuwa na madoa kama yake na bado wakasamehewa kwa sababu muziki wao ulikuwa tayari umeenea kwenye santuri. Wake haukuwa umeenea. Siasa pekee haiwezi kuua muziki unaouzwa. Huua kwa urahisi ule ambao bado haujashika mizizi.

Tuje kwenye fedha, ambazo ndizo kiini cha jambo. Watu wengi hudhani kurekodi okestra ni kuweka maikrofoni ukumbini siku ya tamasha na kubonyeza kitufe. Rekodi za namna hiyo zipo. Ila kwa utunzi ambao hakuna mpigaji hata mmoja aliyewahi kuuona, kazi ni kubwa zaidi. Karatasi za wapigaji lazima zipatikane kwa mchapishaji, kwa kawaida kwa kukodi, na zisahihishwe. Kondakta anajifunza dakika hamsini za muziki bila kuwa na mfano wa kusikiliza. Okestra nzima inakaa ukumbini siku kadhaa, inapiga kipande, inarudia, fundi anasema tarumbeta ya pili imechelewa, inarudiwa tena. Baadaye mhariri anaunganisha vipande bora hadi visikike kama pumzi moja.

Gharama hiyo ni kama ya harusi: mpishi, maturubai na viti hulipwa vilevile, waje wageni mia tano au wasije. Rekodi ya simfonia maarufu ya Beethoven ina wageni wa uhakika. Ya Casella ina wageni wachache mno, na mwenye shughuli anajua hivyo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana makampuni makubwa yalirekodi simfonia zilezile za Beethoven na Brahms mara mia, huku muziki mwingine mzuri ukikaa kabatini.

Nini basi kilibadilika kufikia mwaka 2010? Hapa nina la kusisitiza, kwa sababu maelezo ya kwenye majalada hupenda kusimulia habari za mapenzi ya kondakta kwa mtunzi aliyesahauliwa. Mapenzi yalikuwapo, sikatai. Lakini tazama nani alilipa.

Upande mmoja kulikuwa na Naxos, kampuni iliyoanzishwa Hong Kong mwaka 1987 na Mjerumani Klaus Heymann. Ujanja wake ulikuwa kutokimbizana na majina makubwa: rekodi za bei nafuu, wapigaji wanaolipwa ada moja bila mgawo wa mauzo, na orodha inayotafuta muziki ambao wengine hawana. Rekodi moja ikiuzwa polepole kwa miaka ishirini, hesabu inakubali. Iliungana na Orchestra Sinfonica di Roma ya kondakta Francesco La Vecchia, okestra iliyokuwa inaishi kwa ruzuku ya wakfu wa kibenki wa Roma. Kwa njia hiyo Simfonia ya Kwanza ya Casella ilipata rekodi yake, na ya Pili pia.

Upande wa pili kulikuwa na Chandos, kampuni ya Uingereza yenye makao Colchester, ikishirikiana na BBC Philharmonic ya Manchester. Okestra hiyo ni ya shirika la utangazaji, wapigaji wake wana mishahara inayotokana na ada wanayolipa wananchi wenye televisheni. Kondakta wake mkuu wakati huo alikuwa Gianandrea Noseda, mzaliwa wa Milan, ambaye Chandos ilimwachia apange mfululizo mzima wa muziki wa Italia. Alianza kumshughulikia Casella kwa Simfonia ya Pili hiyohiyo.

Matokeo yake yanachekesha. Simfonia iliyokaa karne nzima bila rekodi ikapata mbili ndani ya mwaka mmoja, 2010. Ruzuku ya wakfu na ada ya televisheni zilikutana bila kuahidiana. Na ruzuku ikiondoka, tunajua kinachofuata: okestra ile ya Roma ilifungwa mwaka 2014 wafadhili walipoacha kuilipia. Mwaka 2024 Chandos nayo ilinunuliwa na Heymann, kwa hiyo rekodi mbili zilizokuwa zinashindana sasa ziko chini ya mwenye mali mmoja.

Dhana nyingine ni kwamba muziki wa zamani hauna mwenyewe. Kuna haki mbili tofauti. Haki ya mtunzi katika nchi za Ulaya hudumu miaka 70 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mwaka 2010 nota za Casella bado zilikuwa zinalipiwa. Haki ya rekodi ni ya waliopiga na waliotoa, nayo ina saa yake. Nota zikiwa huru leo, sauti ya Noseda na wapigaji wake bado si yako kuiweka kwenye video yako.

Je, muziki wenyewe unafaa? Nisingependa kumaliza kwa kusema tu kwamba ni kito kilichosahauliwa, maana maneno hayo hutumika kwa kila kitu. Simfonia ya Kwanza ni ndefu kuliko mawazo yake. Unasikia Warusi, unasikia Brahms, na Casella mwenyewe anachungulia mara mojamoja. Ya Pili ni hatua kubwa. Ina nguvu, ina kelele za makusudi, na mwisho wake, sehemu aliyoiita Adagio mistico, unapanda taratibu kwa dakika nyingi hadi unafika mahali ambapo hukutarajia kijana wa miaka 26 angefika. Bado ni Mahler kwa lafudhi ya Kiitaliano, lakini lafudhi hiyo ina utamu wake.

Hapo ndipo hatari ya rekodi ya kwanza inapojitokeza. Ikiwa moja tu, tunamhukumu mtunzi kwa usiku mmoja wa okestra. Fidla zikiwa nyembamba, tunasema mtunzi hakujua kupanga ala. Kondakta akijivuta, tunasema muziki unachosha. Kwa Simfonia ya Pili tuna bahati ya kulinganisha. Masikioni mwangu Waroma wa La Vecchia wanakwenda kwa uzito na uangalifu, huku Manchester ikishika mwendo kwa ujasiri zaidi, na ghafla kipande kilichoonekana kujirudiarudia kinapata mwelekeo. Nota ni zilezile.

Nimeahidi kumrudia Vivaldi. Huyu alikufa mwaka 1741, na kwa karibu miaka mia mbili alikuwa jina la kwenye vitabu tu. Mwaka 1926 rundo kubwa la maandishi yake lilipatikana katika chuo cha watawa wa Kisalesia kaskazini mwa Italia. Mtaalamu Alberto Gentili alilitambua, na wafadhili wawili, Roberto Foà na Filippo Giordano, kila mmoja akiwa amefiwa na mwanawe mdogo, walilipia, mmoja rundo hilo na mwingine sehemu yake iliyobaki iliyopatikana baadaye, na kuzikabidhi kwa maktaba ya Turin kwa kumbukumbu ya watoto hao. Septemba 1939 likafanyika Siena juma zima la muziki wa Vivaldi, nyumbani kwa kabaila Guido Chigi Saracini. Hapo ndipo Gloria, ambayo leo kwaya nyingi duniani huiimba, iliposikika tena. Aliyeandaa juma lile, akazihariri nota na kuzitoa kabatini, ni Alfredo Casella.

Kwa anayetaka kusikiliza, ningemshauri asianze na simfonia. Aanze na Scarlattiana ya mwaka 1926, ya piano na okestra ndogo, ambamo Casella anacheza na vipande vya Scarlatti kama paka na uzi. Imo kwenye diski ileile ya Noseda yenye Simfonia ya Pili. Kisha Elegia eroica, aone walichokizomea Waroma. Baada ya hapo Simfonia ya Pili, akiwa na saa nzima na hana simu mkononi. Ya Kwanza aiache mwisho, na akifika kwenye sehemu ya polepole akajikuta anasema "hii nimekwisha kuisikia", masikio yake hayajamdanganya.